Njaa ya Hiliki

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa jina. Wenyeji wake wataijua kabla hawajafika mbali, na wageni hawataiamini hata wakionyeshwa kwenye ramani. Itoshe kusema ni nchi ya amani, yenye mpaka mrefu, na yenye viongozi waliochukia magendo kwa dhati ya moyo, hata kila yalipopita mbele yao waliyapa kisogo.

Nchi marafiki, zile zenye tabia ya kutoa msaada kisha zikaanza kuuliza maswali, ziliona mpaka ule unavuja. Zikasema: tutawaleteeni mbwa wa kunusa. Serikali ilishukuru sana, ila iliomba fedha za mbwa zitangulie na mbwa wenyewe wafuate baadaye, ili fedha zipate muda wa kuzoea hali ya hewa. Zikatangulia. Zilizoea upesi mno. Mbwa walipowasili, hawakuzikuta.

Mapokezi yalifanyika katika kituo cha forodha cha Mlango Wazi, pale malori ya nchi jirani yanapopanga foleni mpaka madereva wakafahamiana kama ndugu. Vilishonwa vitenge vyenye picha ya kichwa cha mbwa, na kwa jinsi mafundi walivyokata, kichwa kikaangukia pale mtu anapokalia. Bendi ilipiga. Waziri wa Mapato na Maadili alihutubia chini ya mwavuli ulioshikwa na mkuu wa wilaya kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi!" alinguruma. "Leo hii pua ya taifa imezibuliwa! Mwenye nia ovu na ajue kwamba serikali yenu sasa inanusa! Itamnusa njiani, itamnusa dukani, itamnusa akiwa kitandani kwake na mkewe! Na mimi kama waziri mwenye dhamana nasema, kunusa si ombi. Kunusa ni amri!"

Wananchi walipiga makofi kwa nguvu. Walikuwa wameletwa na lori kwa kazi hiyo.

Kisha mbwa wakaapishwa. Jambo hili liliwashangaza kidogo wageni, lakini sheria ya nchi ilikuwa wazi kwamba hakuna anayeruhusiwa kuukaribia mzigo forodhani isipokuwa mtumishi wa umma. Basi kila mbwa alishikwa mguu ukawekwa juu ya kitabu cha sheria, msajili akasoma kiapo, na mbwa alipobweka ikahesabiwa ameitikia. Mmoja tu, jike la rangi ya chai ya maziwa, hakubweka. Alikinusa kitabu, akaunusa mkono wa msajili uliokishika, akaunusa mfuko wa koti la msajili, halafu akaketi kitako na kutulia. Watu wakacheka, wakasema huyu kalelewa vizuri, na kuketi kwake kukahesabiwa kiapo. Mbwa huyo aliitwa Hiliki. Mwanamume aliyeshika kamba yake aliitwa Filemoni, naye siku hiyo alicheka pamoja na wengine, akidhani ni jua limemchosha.

Filemoni hakuzaliwa na wazo la kupenda mbwa. Alikuwa mshika kamba ya kizuizi pale getini, anayeinua mti lori lipite na kuushusha likishapita, kazi ambayo haimfanyi mtu ajivunie sana mbele ya wakwe. Aliyemtoa pale ni Kamishna Anzelmi, mkuu wa kituo. Kamishna alikuwa amemjua Filemoni tangu akiwa kijana yatima, na siku ya posa ndiye aliyesimama ukweni badala ya baba, akazungumza kwa ufasaha mpaka mjomba wa binti, aliyekuja na rungu, akaondoka na tabasamu. Kwa hiyo Filemoni alimwita Baba, na kazini, mbele za watu, akamwita Mzee.

"Mwanangu," Kamishna alimwambia siku aliyompa kamba ya Hiliki, "katika kituo hiki chote, ninayemwamini ni wewe tu."

Maneno hayo Filemoni aliyabeba nyumbani, akamweleza mkewe Yunisi wakati wa kula, na kesho yake akamweleza tena kana kwamba hajamwambia.

Mkufunzi wa kigeni aliyekuja na mbwa alikaa msimu mmoja tu, lakini alifundisha kwa ukali. Mbwa wa kazi hii, alisema, akikuta harufu aliyofundishwa habweki wala hakwaruzi. Anaketi. Akiketi, wewe unampa mpira. Basi. Hafanyi kazi kwa mshahara, hafanyi kazi kwa nyama. Anafanya kazi kwa ajili ya mpira, na kwa sababu anakuamini wewe. Siku atakayoketi kwa haki ukamnyima mpira, utakuwa umemdanganya, na mbwa hana namna ya kujua kwamba wewe ni mwongo. Atadhani amekosea yeye.

Mipira iliyonunuliwa na mradi ilikuwa imekwenda kwenye bonanza la wizara. Yunisi ndiye aliyeshona mpira wa Hiliki, kwa soksi kuukuu ya Filemoni aliyoijaza matambara, huku akilalamika.

"Mimi soksi zako nimezifua miaka yote hujawahi kunishukuru. Leo mbwa anazitafuna, unamwita binti mzuri."

"Ni kazi ya taifa, Yunisi."

"Taifa halina soksi zake?"

Mpira ukakaa katika mfuko wa kulia wa suruali ya Filemoni, na Hiliki akajifunza kuutazama mfuko huo kuliko alivyomtazama Filemoni usoni.

Kituoni nako kulitungwa Kanuni ya Kuketi, na ilikuwa kanuni nzuri kweli. Mbwa akiketi mbele ya mzigo, mshika mbwa anainua mkono wa kulia na kupaza sauti: "Ameketi!" Hapo uwanja mzima unasimama kama ulivyo. Hakuna kupiga hatua, hakuna kuwasha gari, hakuna kuingiza wala kutoa kitu mfukoni, mpaka mzigo ufunguliwe au mbwa ainuke. Ni Kamishna peke yake aliyeruhusiwa kutembea.

Hiliki aliketi mara nyingi miezi ile ya mwanzo. Aliketi mbele ya begi la mwanafunzi, mbele ya kikapu cha bibi mmoja aliyekuwa na kete za bangi chini ya ndizi, mbele ya tairi la akiba la pikipiki. Wote walikamatwa. Waziri alitangaza redioni kwamba vigogo wa magendo wamevunjwa mgongo, na bibi wa ndizi akatajwa kwa jina.

Fedha nyingine za mbwa zilikuwa zikiendelea kuja, na zote zilifanya kazi. Magari yalinunuliwa kwa ajili ya kuwasafirisha mbwa, mashangingi meupe yenye kiyoyozi. Lakini ilibainika kuwa mbwa hutapika garini, kwa hiyo wakubwa walijitolea kuyapanda wao. Mabanda yenye feni yalijengwa, yakaonekana yanafaa kwa ofisi. Kulikuwa na semina ya wiki mbili juu ya harufu, katika hoteli ya ufukweni, ambako hapakuwa na mbwa kwa kuwa hoteli haikuwaruhusu. Kila afisa aliyesimamia mbwa alilipwa posho ya pua, na waliokuwa wakisumbuliwa na mafua waliongezewa kwa ajili ya mazingira magumu.

Mbwa walilala chini ya gari bovu nyuma ya kantini, wakala ukoko na makombo. Filemoni hakunung'unika. Chakula chao rasmi kilikuwa kinakuja, tena kwa wingi: kila mwisho wa wiki lori lilipita likiwa limejaa magunia yenye picha ya mbwa anayecheka, msaada kutoka ng'ambo. Lori hilo halikukaguliwa. Kamishna alieleza kwamba ni aibu serikali kukagua chakula cha watumishi wake. Likapita getini, likaelekea mjini kwenye ghala kuu, kwa ajili ya kugawanywa kitaratibu. Utaratibu ulikuwa bado unaandaliwa.

Siku ya siku, lori lile lilipata pancha katikati ya uwanja. Dereva akateremka kutafuta jeki. Filemoni alikuwa akipita na Hiliki kumpeleka kwenye foleni ya mabasi, na Hiliki akasita. Masikio yalimsimama. Akalizunguka lori, akarudi nyuma ya turubai, akanusa gunia la chini kabisa, lile lenye mbwa anayecheka.

Akaketi.

Filemoni aliona raha. Hilo lazima lisemwe, kwa sababu baadaye aliona haya kulikumbuka. Aliona raha kwamba binti yake amekamata lori zima, na wazo lake la kwanza lilikuwa jinsi Mzee atakavyofurahi. Akainua mkono.

"Ameketi!"

Uwanja ukaganda. Mama Chausiku wa kantini alibaki ameinamisha birika, chai ikimwagikia kikombe mpaka kikafurika na kuendelea. Mpiga muhuri aliganda na muhuri hewani. Afisa wa zamu alikuwa ameingiza mkono katika dirisha la basi, ndani ya kiganja cha dereva, na kanuni ikamkuta humo. Alibaki hivyo hivyo mbele za abiria, akitazama juu kama mtu anayeangalia hali ya hewa.

Kamishna Anzelmi akatoka ofisini, akitembea peke yake katika uwanja wa sanamu.

"Ameketi nani?"

"Hiliki, Mzee."

"Wapi?"

"Kwenye chakula cha mbwa, Mzee."

"Chakula chake mwenyewe?"

"Chake, Mzee. Ila hajawahi kukionja."

Filemoni alikuwa na bambo mkononi, kile chuma cha ncha kali cha kuchomea magunia na kutoa sampuli. Kwa furaha aliyokuwa nayo hakungoja aambiwe. Alilichoma gunia. Badala ya biskuti za mbwa, ulitiririka kwenye bambo unga mweupe laini, unga ule ambao hausongwi ugali popote duniani. Akamwonyesha Kamishna, kama mtoto anayeonyesha daftari lenye vema tupu.

Kamishna aliutazama unga. Filemoni alimtazama Kamishna, akitafuta machoni pake mshtuko, au hasira, au hata uwongo wa mshtuko. Hakukuta kitu. Alikuta usumbufu tu, ule wa mtu aliyefikiwa na wageni akiwa hajaoga.

"Vitamini," alisema Kamishna.

"Vitamini, Mzee?"

"Mbwa wa ng'ambo hawali bila vitamini."

Mkono wa Filemoni ulikuwa tayari mfukoni, umeushika mpira. Kamishna akauona. Akasogea karibu, akasema kwa sauti ya upole, ile ile aliyotumia ukweni: "Huo mpira usitoke, mwanangu."

Moyo wa Filemoni ulianguka, na haukupata pa kuangukia. Kama angefokewa ingekuwa afadhali.

Mpira haukutoka. Lakini Hiliki naye hakuinuka, na kanuni ilikuwa kanuni. Jua likapanda. Kamishna alimwamuru Hiliki kwa cheo chake, Hiliki hakusikia. Kwa ruhusa maalumu, mpiga muhuri alilia kama paka. Ukaletwa mfupa kutoka kantini, mfupa wa supu wenye nyama yake, ukawekwa kabisa mbele ya pua ya Hiliki mbele ya umati wote. Aligeuza pua pembeni kwa heshima, akaendelea kuutazama mfuko wa Filemoni. Mwishowe watu walimbeba kama alivyo, ameketi, kama wanavyobeba kiti, na hata alipokuwa akielea hewani kuelekea nyuma ya kantini aligeuza shingo kuutafuta ule mfuko.

Afisa wa zamu akautoa mkono wake dirishani. Lori likapewa tairi na watu wa kulisukuma.

Ubaya ni kwamba madereva ni watu wa kusema. Kabla wiki haijaisha, habari ilikuwa imefika katika kila hoteli ya barabara kuu, na nchi marafiki zikaanza tena maswali yao. Serikali haikusita. Iliunda Tume ya Taifa ya Kuchunguza Kuketi kwa Mbwa, ikiongozwa na jaji mstaafu. Tume ilianza kwa kuzuru mabara matatu kujionea jinsi mbwa wanavyoketi kwa wenzetu.

Tume ilipokuwa safarini, Kamishna Anzelmi alimtembelea Filemoni nyumbani. Alikula ugali na mlenda wa Yunisi, akausifia, akaomba maji ya kunawa, akajifuta mikono taratibu.

"Mwanangu, siku ile ukweni kwenu, nani alisimama?"

"Ni wewe, Baba."

"Mjomba alipoinua rungu, nani alilishika?"

"Ni wewe."

"Basi mimi sikuombi kitu. Baba hamwombi mwanawe. Nakueleza tu mambo yalivyo. Tume itakuuliza jambo moja: yule mbwa aliketi kwa sababu ameona kitu, au kwa njaa? Ukisema ameona kitu, Hiliki ni mtumishi aliyeapa, na mtumishi aliyeapa akiusingizia mzigo wa serikali amefanya uhaini. Daktari wa mifugo sindano anayo, wala si kubwa." Akakikunja kitambaa alichojifutia mikono. "Ukisema njaa, nani amewahi kunyongwa kwa njaa katika nchi hii? Tungeisha wote. Atastaafishwa. Kamba yake nitakukabidhi mimi mwenyewe, mkononi, aje aishi hapa nyuma ya jiko lenu, ale anachokula Yunisi."

"Kweli, Baba?"

"Nimewahi kukudanganya?"

Mwezi uliopita Filemoni angejibu kabla swali halijaisha. Sasa alitazama chini, akasema: "Hapana, Baba."

Kamishna alipoondoka, Yunisi alikusanya vyombo kwa kelele.

"Ameapa?"

"Amesema."

"Sijakuuliza kama amesema. Najua anasema, masikio ninayo. Nimekuuliza ameapa?"

"Yule mzee ndiye aliyetuozesha, Yunisi!"

"Katuozesha, sawa. Ndiyo tumfanye malaika?" Akaweka sufuria chini. "Wewe uliuona ule unga. Mbwa aliuona. Sasa wewe ndiye uende ukaseme mbwa hajaona?"

"Nikisema kweli wanamuua."

Ilikuwa kweli, au ilifanana mno na kweli. Asubuhi Yunisi alimkuta mumewe bado amekaa kitandani anatazama ukuta. Alikwenda nyuma ya jiko akapafagia, akatandika gunia safi, akachukua sufuria lake kuukuu lililovunjika mkono, akalisugua kwa majivu mpaka likang'aa.

Tume ilikaa katika ukumbi wa halmashauri. Wajumbe walikuwa wamerudi wamenenepa na wenye ujuzi. Palikuwa pia na profesa aliyeitwa mtaalamu wa njaa, mtu mnene, aliyeeleza kwamba njaa ya mbwa ina ngazi, na kwamba mbwa aliyeukataa mfupa mchana kweupe alikuwa amefika katika njaa iliyopitiliza, ambayo haitambui tena chakula. Jaji aliandika hayo kwa kalamu mbili.

Kisha gunia likaletwa, lile lile, limeshonwa upya pale lilipochomwa. Hiliki akaingizwa.

Alikuwa amekonda. Walikuwa wamemfungia chumba peke yake tangu siku ile, na Filemoni hakuwa ameruhusiwa kumwona. Hiliki alipomwona sasa, mkia ulimtikisika mpaka mwili mzima ukayumba, na kwa kuwa Filemoni alikuwepo, na Filemoni akiwepo ni kazi, hakumrukia. Alikwenda kazini. Aliwapita wajumbe, akasita kidogo kwa mjumbe mmoja, akamwacha, akafika kwenye gunia, akalinusa pembe zote. Akaketi. Akageuza macho, akautazama mfuko wa kulia.

"Shahidi," alisema jaji, "ieleze Tume. Huyu mbwa anafanya nini?"

"Ameketi, Mheshimiwa."

"Tunaona ameketi. Tumetembea mabara matatu, kuketi tunakujua. Kwa nini ameketi?"

Filemoni alimtazama Kamishna Anzelmi. Kamishna aliitikia kwa kichwa, polepole, kama alivyoitikia ukweni wakati Filemoni alipoulizwa kama atamtunza binti wa watu.

"Njaa," alisema Filemoni.

"Ongeza sauti, shahidi. Taifa linasikiliza."

"Ana njaa tu, Mheshimiwa."

Ukumbi ukashusha pumzi. Wengine walipiga makofi. Hiliki alidhani makofi yale ni dalili njema, akasogeza makalio mbele kidogo, bado ameketi, akangoja mpira.

Taarifa ya Tume ilisomwa na Waziri mwenyewe, kwa sauti iliyojaa machozi. Imethibitika, alisema, kwa kinywa cha mtu anayewafahamu kuliko wote, kwamba mbwa wa taifa hili wana njaa! Ni fedheha! Serikali yenu haitalala wakati mbwa wake hawajala! Kwa hiyo uagizaji wa chakula cha mbwa utaongezwa maradufu, nacho kitapitishwa usiku na mchana bila kucheleweshwa na yeyote, kwa sababu kuichelewesha shehena hiyo ni ukatili kwa wanyama. Tena, ili kuwaepusha na vishawishi, ni marufuku mbwa yeyote kukisogelea chakula cha mbwa. Posho ya pua itapandishwa.

Nchi marafiki zilisikia habari ya njaa, zikaguswa sana, zikatuma fedha.

Hiliki alikutwa na hatia moja ndogo ya kuomba chakula hadharani saa za kazi, kinyume cha maadili ya utumishi wa umma. Ilielekezwa kwamba apangiwe majukumu mengine. Filemoni, kwa ukweli wake, alipandishwa cheo kuwa Mkuu wa Kikosi cha Mbwa.

Alikwenda ofisini kwa Kamishna asubuhi hiyo hiyo. Njiani alikuwa amenunua kamba mpya.

"Baba, nimekuja kumchukua."

"Nani?"

"Hiliki."

"Aa, yule." Kamishna alikuwa akikata kucha. "Mwanangu, fikiri. Hiliki ni mtumishi wa umma. Nikimtoa mtumishi wa umma nikampa mtu binafsi, tena aliyetoa ushahidi mbele ya Tume, hiyo itaitwaje?"

"Uliniahidi, Baba."

"Itaitwa rushwa. Unataka mimi nikupe rushwa?"

Filemoni alisimama na kamba yake mpya mkononi. Alijua kwamba huu ndio wakati wa kusema, na maneno aliyokuwa nayo yalikuwa mengi, yamepangana kifuani mwake tangu siku ya bambo. Alitaka kusema: nilikupa jina la baba yangu. Alitaka kusema: nimemwita mwongo kiumbe pekee ambaye hajawahi kunidanganya, kwa ajili ya neno lako.

"Nilikuahidi kwamba ataishi," aliendelea Kamishna kwa upole. "Yu hai, mzima wa afya. Ana kazi, ana mahali pa kulala, hanyeshewi. Wangapi katika nchi hii wana hayo?" Akavuta kifurushi kutoka chini ya meza. "Haya. Sare yako ya cheo kipya. Nimeitoa kwenye stoo yangu mwenyewe, si hizi za serikali zinazochuja rangi. Vaa upendeze."

Filemoni akaipokea kwa mikono miwili. "Asante, Baba," alisema, kwa kuwa mdomo ulikuwa umeshazoea.

Nyumbani Yunisi alimwona anarudi na kamba isiyokuwa na kitu. Sufuria lililovunjika mkono alilirudisha ndani, akaliweka juu ya kabati, mahali ambapo hapafikiki bila kupanda kiti.

Kazi ya kwanza ya Filemoni katika cheo kipya ilikuwa kukagua ghala kuu la chakula cha mbwa, mjini, lililokuwa limeongezwa ukubwa kufuatia mapendekezo ya Tume. Alivaa sare mpya. Vitu vya mfuko wa suruali ya zamani alivihamishia katika ile mpya bila kuvitazama, ufunguo, leso, na kile kingine.

Mlinzi wa ghala aliitwa Chande, kibarua wa siku, mtu wa maneno mengi kwa kukosa wa kuzungumza naye. Alimpigia saluti, akamfungulia.

Magunia yalipanda mpaka kwenye mabati, mbwa juu ya mbwa, wote wanacheka. Na katikati ya sakafu, amefungwa mnyororo kwenye nguzo, Hiliki alikuwa ameketi.

"Huyu walimleta awe ananisaidia ulinzi," alisema Chande. "Lakini Afande, mna hakika ni mzima? Tangu aje yuko hivyo. Hambwekei mtu. Ameketi tu anayatazama magunia. Nikimvuta nje anakojoa, akirudi anaketi. Saa nyingine nikiamka namkuta anasinzia hivyo hivyo ameketi, kichwa kinamwanguka, anashtuka, anajiweka sawa. Sijui anangoja nini."

Hiliki alikuwa ameisikia sauti ya viatu. Aligeuka. Mnyororo ukalia sakafuni, akaja mbio mpaka ulipomkatisha, akasimama kwa miguu ya nyuma, mkia ukienda huku na huku, na Filemoni akasahau cheo, akasahau mlinzi, akapiga magoti kwenye vumbi na kumkumbatia. Hiliki alimlamba kidevu. Alimlamba sikio. Filemoni alikuwa akisema maneno ambayo hata Yunisi hajawahi kuambiwa.

Kisha ulimi ukakoma. Pua ya baridi ilimgusa ukosi wa sare mpya. Ikashuka begani, ikafuata mkono mpaka kwenye pindo, ikarudi kifuani, ikatulia pale. Filemoni aliyaona masikio yakisimama, kama yanavyosimama kazini. Hiliki akarudi nyuma hatua moja, kwa adabu zake zote.

Akaketi mbele yake. Akautazama mfuko wa kulia.

"He!" alisema Chande. "Mbona sasa amekugeukia wewe, Afande?"

Mkono wa Filemoni ulikuwa umeshaingia mfukoni. Ulikuwa umeushika mpira. Vidole viliuhisi uzi wa Yunisi mahali alipofunga fundo. Palikuwa hapana tume humo ndani, hapana waziri, hapana Kamishna. Alikuwepo kibarua mmoja, na mbwa aliyekuwa na haki.

"Ana njaa tu," alisema.

"Lakini nimemlisha sasa hivi, Afande. Bakuli lenyewe lile pale, bado lina—"

"Nimekwambia ana njaa!"

Chande akasogea mlangoni. Filemoni aliinuka, akajipangusa vumbi magotini, akautoa mkono mfukoni ukiwa mtupu. Alitoka bila kugeuka. Mlinzi akaanza kuusukuma mlango mzito wa ghala, na mpaka ulipofungwa kabisa, Hiliki alikuwa bado ameketi, akijisogeza mbele kidogo, akijiweka sawa, akidhani amekosea yeye.